Tundu la Ukuta wa Pembeni

Jumatano, 8 Oktoba
Mgongo unauma. Siku nzima kazini Lakeville, kupandisha bodi za jipsamu ghorofani. Jioni Mchungaji Naftali kapiga simu: Jumapili usharika unachagua mzee wa kanisa. Nafasi moja. Moyo umeruka! Tatizo ni Humphrey. Nesi, ana suti, na akiomba kina mama wanalia. Mimi nikiomba wanaangalia saa. Lakini Humphrey hajui hata mwiko wa ujenzi unashikwaje. Lazima nifanye kitu cha mikono, kionekane.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepata! Kanisa tunaloazima hapa mtaa wa Phillips ni la mawe. Mzee Alvin, mzungu anayelitunza, huliringia kweli. Anasema babu zao walilijenga kwa kuiga makanisa ya vijiji vya Uingereza ya kale. Mnara mzito, kuta nene, madirisha membamba yaliyochongoka juu, na nje mihimili ya mawe inayoegemea ukuta usianguke. Sawa. Lakini ukuta unaotenga altare na kanisa dogo la pembeni una tundu! Limekatwa mshazari, hata mraba si mraba. Fundi alikuwa amelewa? Kwetu Tukuyu, kabla ya sikukuu nyufa huzibwa na ukuta hupigwa chokaa. Na Jumapili hii kuna ubatizo!

Jumamosi, 11 Oktoba
Zamu ya usafi. Wenzangu wamefagia, mimi nimeziba. Mawe madogo, saruji, chokaa juu. Huwezi kujua palikuwa na kitu. Ikupa wa kwaya kauliza nani kaniruhusu. Nikamwambia, dada, we fagia tu, kesho utanishukuru. Humphrey alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo. Vitabu!

Jumapili, 12 Oktoba
Nimeharibu! Aliyebatizwa ni mjukuu wa Mama Elinaja. Huyu mama ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii. Baridi yangu ya kwanza nimelala kwenye kochi lake. Siku hizi yuko kwenye kiti cha magurudumu, na mlango pekee usio na ngazi ni wa kanisa dogo la pembeni. Hukaa huko. Sikuwahi kujiuliza anaonaje altare. Mimi hukaa mbele, wakubwa wanione. Kumbe anaona kwa lile tundu! Mchungaji akataja jina la mtoto, maji yakamwagwa, mtoto akalia, bibi yake anatazama chokaa yangu.

Ibada ilipokwisha Mzee Alvin alikuja, uso mwekundu. Akasema kwenye makanisa yale ya Kiingereza tundu lilikatwa mshazari makusudi, ili waliokaa pembeni waone altare. Nikatamani ukuta unimeze. Mama Elinaja hakunigombeza. Kasema tu, chokaa nyeupe kweli, mwanangu Lusajo, ndiyo hiyo niliyoiona. Humphrey kamsukuma hadi kwenye gari. Kura karibu zote kapata yeye. Na yangu pia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimetoka kazini moja kwa moja na nyundo na patasi. Mzee Alvin kasimama nyuma yangu kama polisi. Tundu limefunguka. Nikainama, nikachungulia. Pale alipobatizwa mtoto panaonekana pote. Pako wazi, hakuna mtu. Nikampigia Mama Elinaja kumwomba radhi. Akasema yameisha, njoo ule ndizi. Akaongeza kwamba angalau alimsikia mjukuu analia. Bora angenitukana.

Natoka, mvua inanyesha. Sijui kwa nini sikuwahi kutazama juu. Pembeni ya paa kuna mnyama wa jiwe, mdomo wazi, anatapika maji yote ya paa karibu kabisa na mlango anaopitia mama! Nani kaacha mdomo wazi namna hiyo? Alhamisi Mzee Alvin ana miadi ya meno. Kuna Mkenya wa Brooklyn Center ana ngazi ndefu, na saruji yangu imebaki. Sitamwambia mtu. Mama atafurahi sana.