Vipimo vya Mwaka Juzi

Jumatatu, 3 Machi

Kazi imeingia. Kituo cha afya kimeagiza sare nane za wauguzi, zinatakiwa Ijumaa. Mzee wangu, ambaye karakana hii ya ushonaji ni yake, ametangaza kwamba atakayeifanya vizuri atakabidhiwa mkasi mkubwa na meza ya kukatia. Yeye kifua kimemshinda. Anapanda ngazi tano, anakaa kwanza.

Wagombea tuko wawili. Mimi, damu yake. Na Mnyoofu, wa cherehani ya pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mishono yake. Tabia yake sitaiandika, karatasi ni chache.

Kuna kikwazo. Huruhusiwi kuingia kuwapima wauguzi bila chanjo ya nyongeza ya mwaka huu, ile ya kirusi kinachoshambulia kifua. Mimi nilichanjwa mwaka juzi. Yakaisha. Mtu hatahiriwi mara mbili. Tena nashika sindano kutwa nzima, lakini kuishika ni jambo moja na kuchomwa ni jambo lingine.

Mnyoofu amekwenda kuchanjwa saa ya chakula, akarudi anapiga mluzi. Mnafiki.

Nimepata njia. Wauguzi wale wale tuliwashonea mwaka juzi, na vipimo vyao vimo kwenye daftari. Nitakata kwa hivyo hivyo. Nimemwambia Mzee nimeshachanjwa na nimeshapima. Mkononi nimebandika plasta kama ushahidi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekata sare zote nane kabla ya adhuhuri. Mzee amesema hajaona kasi kama hii tangu ujana wake.

Mnyoofu kaniuliza mbona plasta jana ilikuwa mkono wa kushoto na leo iko wa kulia. Nimemjibu walinichoma mikono yote miwili kwa sababu ya ukubwa wa mwili wangu. Akaniangalia sana. Mzee akanipa pole, akaniletea chai kwa mkono wake, na ngazi zile zote. 

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilitakiwa kumpeleka Mzee akapate nyongeza yake. Nimewaza asubuhi yote. Nikimpeleka, wataniomba kadi na mimi. Kadi yangu ni ya mwaka juzi. Wataniketisha pale pale.

Nikamwambia chanjo imekwisha jana jioni, mpaka mwisho wa mwezi. Alikuwa ameshavaa viatu vyake vya kutokea na kofia. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akavua viatu taratibu, kimoja, halafu kingine. Mnyoofu akajitolea kwenda kuulizia. Nikamkumbusha kwamba Mzee huyu ana mtoto wake wa kumzaa.

Mchana kuna mteja alikuja kujaribu suruali. Nilikuwa nimepiga magoti napima pindo, akanikoholea utosini mara tatu. Hata samahani hakusema.

Jumamosi, 8 Machi

Sare zimerudi. Zote nane.

Muuguzi mkuu amezileta mwenyewe. Mmoja amejifungua mapacha tangu mwaka juzi, vifungo havikutani. Mwingine aliugua, sare inamzunguka. Muuguzi mkuu mwenyewe ameweza kuingiza mkono mmoja tu. Akauliza kwa nini hakuna aliyekwenda kupima. Nikasema mwili wa mtu mzima haubadiliki.

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Alikwisha kuiona plasta, na kwenye orodha yake ya waliochanjwa mimi simo. Akasema hata kirusi ni hivyo hivyo. Kinajinakili mara nyingi mno, na katika kunakili kinakosea hapa na pale. Makosa mengine yanakibadilisha sura. Walinzi wa mwilini wamefundishwa sura ya zamani, na hata hiyo wanaanza kuisahau baada ya miezi. Ndiyo maana nyongeza inarudiwa, na dawa yenyewe inarekebishwa. Nayo haizuii kila homa, ila inamzuia mtu kufika kitandani kwao, hasa wazee. Akasema fundi kama mimi ningepaswa kuwa wa kwanza kuelewa.

Nimeudhika. Mtu anakuja na sare ananipa somo.

Akauliza tena mbona Mzee hakuja Alhamisi, dozi yake ilikuwepo na bado ipo. Mzee alikuwa amejilaza nyuma. Nikasema amesafiri. Akanisisitizia nimlete Jumatatu bila kukosa.

Mnyoofu yuko cherehanini kwake anafumua mishono ya sare zangu. Msaada wake ni matusi.

Jumatatu, 10 Machi

Mwili wote unauma. Nimesema ni uchovu. Kumpeleka Mzee kituoni katika hali hii kusingewezekana, yeyote angeelewa.

Nilikuwa napiga pasi sare ya muuguzi mkuu, iliyoongezwa kiunoni. Mnyoofu akaingia mbio kutoka uani akiuliza nini kinaungua. Mimi sikusikia harufu yoyote. Nikainua pasi. Tundu la umbo la pasi, mgongoni, katikati kabisa.

Nimeilaumu pasi. Mzee akaja akasimama bega kwa bega nami, akaushika mgongo wa sare, akaukagua muda mrefu. Nikakohoa. Akanipigapiga mgongoni.

Alhamisi, 13 Machi

Siku tatu kitandani. Majibu yametoka, ni kirusi chenyewe. Mnyoofu naye kakipata. Kakohoa siku mbili, yuko kwake anakunywa uji na kuwapigia simu wateja. Siku mbili! Dunia haina haki.

Mzee hajaamka leo. Nimesikia pumzi yake kutoka chumba cha pili, kupitia ukuta.

Jumapili, 16 Machi

Wodini. Mzee amewekewa oksijeni. Vidole vyake, vile vilivyokuwa vinatia uzi kwenye sindano bila kuangalia, vimelala juu ya shuka havifanyi kitu.

Muuguzi mkuu ameishika kadi yake. Chanjo ya mwisho, mwaka juzi. Akasema dozi yake ilikaa inamngoja wiki nzima, na akataka kujua ni nani aliyemzuia kuja. Nikaangalia sakafu. Vigae kumi na viwili mpaka mlangoni.

Mzee akaisogeza barakoa ya hewa kidogo. Akasema kwa shida kwamba alisahau mwenyewe. Uzee.

Nimekwenda chooni nikalia. Sijawahi kuona aibu kama ile. Ningekuwa na mkono wa tatu ningechomwa yote mitatu, leo hii, hapo hapo. Nimejiapiza.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee amerudi nyumbani, Mungu ashukuriwe. Amebaki nusu yake. Kutoka kitandani mpaka dirishani anapumzika mara mbili, na daktari amesema kifua hakitarudi kama kilivyokuwa. Karakana hataiona tena labda abebwe.

Mkasi mkubwa kampa Mnyoofu. Mbele yangu. Ni kwa muda tu, ingawa hakusema hivyo. Mnyoofu alikwenda kuwapima wauguzi upya, mmoja mmoja, na sare zimekaa. Bahati.

Muuguzi mkuu amepita kumwona Mzee. Ametuandikia kadi, tarehe ya Mzee na yangu, mwezi wa tisa. Nikamweleza kwamba sisi tumeshaugua, mwili umeshamjua adui. Akasema umemjua wa mwezi huu. Watu wa hospitali hawakosi jibu. Kile kiapo cha wodini nilikitoa nikiwa na homa, hakihesabiki.

Nimemshonea Mzee suruali ya kukaribishwa nyumbani. Kitambaa kizuri, cha kijivu. Akaivaa, ikashuka mpaka miguuni. Akasimama ameishika kwa mkono mmoja, mwingine ameegemea ukuta, anatafuta pumzi. Akaniomba nimpime. Nikamwambia asijisumbue, atanenepa, nikamletea mkanda.

Kadi nimeihifadhi ndani ya daftari la vipimo, kwenye ukurasa wa Mzee. Haiwezi kupotea hapo. Ukurasa ule siufungui kamwe, vipimo vyake navijua kwa kichwa.