Hotuba ya Kuzindua Handaki la Murusagamba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru, mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye gari lake limekwama Mugoma, waheshimiwa madiwani, padri wetu na sheikh wetu, wafanyabiashara mliotoka mjini mkiongozwa na Bwana Suleman, wazee wetu wa Murusagamba na Bukiriro, shikamooni (wazee: "Marahaba"), wananchi wote kwa nafasi zenu, itifaki imezingatiwa.

Mimi, Gidioni Frednand, Mratibu Mkuu wa Handaki, nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ambao wachache wamejaliwa, kuwaeleza jinsi uongozi wangu wa kimkakati, shirikishi na wenye dira ulivyoikabili changamoto ya mwamba. (Makofi kiasi.)

Mlima huu, ndugu zangu, una nyufa. Ni kama ukuta wa matofali yaliyopangwa bila udongo: ukitoboa chini, ya juu yanalegea. Ndiyo maana nikaelekeza itengenezwe modeli ya kompyuta, ituonyeshe mwamba utaharibikia wapi tukichimba. Kazi hiyo nilimkabidhi Mhandisi Tecla, yule pale, simama wakuone. (Makofi marefu.) Inatosha, mama, kaa.

Mhandisi alichimba handaki kwenye kompyuta asubuhi, na kufikia mchana paa lilikuwa limeanguka. Nikamwambia, "Mhandisi, hizo nyufa zipunguze, tuna wageni." Akanijibu kwa adabu, "Bosi, nikizipunguza humu, mlimani zitabaki zilezile." Nami, kama kiongozi msikivu, nikamwamuru azifute zote. Handaki likasimama imara kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Kwa matokeo hayo ya kutia moyo, nikamhakikishia mama Domisiana, ambaye nyumba yake na migomba yake viko juu kabisa ya mlima, kwamba aendelee kulala kwa amani huku maendeleo yakipita chini ya kitanda chake.

Sasa, kwenye mkutano wa kata, nikiwa katikati ya kuwaonyesha wadau picha ya handaki ukutani, mama Domisiana akainuka. Hakuniuliza mimi. Alisema, "Tecla mwanangu, wewe ungelala juu ya hilo shimo?"

Mhandisi akaniangalia, akaiangalia kompyuta yake. "Hapana, mama," akasema. "Nisingelala."

Akazirudisha nyufa zote mbele ya wadau. Tukaona rangi nyekundu, ile ya mwamba unaovunjika, ikianzia kwenye paa la handaki, ikipanda ufa hadi ufa, mpaka ikaingia kwenye migomba. Mama Domisiana akakaa chini taratibu, mikono kifuani. (Mtu anakohoa.)

Ndugu wananchi, nilitokwa na jasho, jasho la uwajibikaji. Nilikusudia kumsimamisha kazi Mhandisi palepale, lakini ukumbi mzima ulikuwa umeinuka na kusimama upande wake, hata diwani, ndipo nikatambua kwamba alichokisema kilikuwa wazo langu tangu mwanzo. (Vicheko. Tecla anainamisha uso, anacheka.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo na yale ninayotarajia kupata, natamka kwamba mlima huu hautachimbwa. Mama Domisiana haondoki wala hatikiswi. Jana nilimpitia, nikamkuta anapanda maharage, akaniambia, "Mratibu, kama umekuja kuchimba, shika jembe." Nikashika, kwa muda wa kupiga picha. (Vicheko virefu.)

Handaki hoyee. (Hoyee.) Nyufa hoyee. (Hoyee.) Mhandisi Tecla hoyee. (Hoyee kubwa. Ngoma.)

Mnaouliza utepe tunaukata wapi, tutaukata kwenye kioo cha kompyuta, maana ni humo tu handaki hili limewahi kuwepo. Kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili, ambao hatukuwahi kuwapata. Mkandarasi, ambaye hatukuwahi kumwita. Na wizara, ambayo hatujaiandikia. Asanteni sana. Mama Domisiana anasema ndizi zimeshaiva, tupande mlimani kwake.