Saba ya Kupitia Puani

Jumatatu, Machi 3
Hospitali moja ya Uingereza inataka nesi kutoka kliniki yetu hapa Kitengela. Mmoja tu! Tuko wawili tunaotaka: mimi na Kathini wa wodi ya akina mama. Sharti ni alama saba kwa mtihani wa Kiingereza, tisa ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea, halafu wanapiga wastani. Kathini anasema ni saba kila sehemu. Wivu tu. Nimemwambia Nasike, mke wangu, atafute koti zito.

Jumatano, Machi 5
Mpango niko nao. Kathini anaongea Kiingereza cha kwao Machakos, kila neno limesimama peke yake. Mimi nitatweng kama mzungu kamili! Sauti ipite puani, maneno nimeze nusu. Nimetazama watangazaji wa mpira wa Uingereza mpaka pua ikauma. Leo nimemweleza mgonjwa dawa zake hivyo. Ameenda kumuuliza Kathini. Mshamba.

Jumapili, Machi 9
Nimejitolea kumtafsiria mhubiri mgeni kanisani. Yeye Kiswahili, mimi Kiingereza. Mazoezi ya bure! Nikatweng. Kanisa lote likanikodolea macho. Nikajua nimewakamata. Kumbe Pasta Sankale anakuja na chupa ya mafuta! Ameomba waumini wanyooshe mikono kwa ndugu Wakhungu, koo lake lifunguliwe. Wameomba kwa bidii, wengine na machozi. Kathini, tunayesali naye, amemalizia tafsiri. Nasike amerudi nyumbani peke yake.

Jumamosi, Machi 15
Mtihani. Kusikiliza na kusoma, mteremko. Insha iliuliza kuhusu usafiri wa mjini, nikaandika ile ya misitu niliyokuwa nimekariri. Kuongea ndiko nimewamaliza! Mtahini, mama mpole, aliniomba nirudie. Nikaongeza pua. Akaomba tena. Nafikiri alikuwa anafurahia.

Ijumaa, Machi 21
Matokeo! Kusikiliza nane na nusu, kusoma nane na nusu, kuandika sita, kuongea tano. Wastani saba! Nimepiga nduru mpaka majirani wakatoka. Nimenunua keki, nimempigia mama mkwe Bungoma, naye ametangazia kijiji.

Halafu ajenti wa ile hospitali akapiga simu. Saba kila sehemu. Eti alama za matamshi ni za kueleweka, si za kufanana na mzungu. Kathini amepata saba na nusu kwa kuongea, na Kiingereza chake kilekile! Keki yangu imeliwa kwake. Nimelia bafuni, maji yakiwa wazi nisisikike. Nasike amesema ningeandika nilichoulizwa na kuongea tu kama kawaida yangu, saa hii tungekuwa tunapanga masanduku.

Jumapili, Machi 23
Nimewaza sana. Kosa nimelipata. Wale watahini wamechoka na lafudhi ya Uingereza, wanaisikia kila siku! Nimejisajili tena Mei, na safari hii ni Marekani, Texas kabisa. Asubuhi nimemwamkua mama mkwe kwa simu hivyo. Amekata, akampigia Nasike mbio kumwambia bwanake ameibiwa simu.