Bei ya Hisa Lazima Ishuke

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Kuanzia leo mimi ni mwenye mali. Au karibu hivyo.

Bosi alitukusanya kwenye ghala la magodoro, akapanda juu ya godoro la inchi nane, akayumba kidogo, akatangaza kwamba kiwanda kitawapa wafanyakazi hisa. Tuchague moja kati ya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni haki ya kununua hisa elfu moja kwa bei itakayopangwa wiki hii, ila unanunua baada ya miaka minne. Bei ikiwa imepanda, wewe unanunua kwa ile ya zamani, unauza kwa mpya, unacheka. Fungu la pili ni hisa mia mbili za bure, lakini zina masharti. Ukiacha kazi kabla ya miaka mitatu, zinarudi kiwandani.

Nilichagua la kwanza kabla Bosi hajashuka godoroni. Vya bure ni vya waoga. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mtunza stoo, alichagua la pili. Alisema anapenda kitu anachokiona. Nilimhurumia. Mtu anakula kwangu siku nne kwa wiki na bado hajajifunza lolote kutoka kwangu.

Jioni nilimwambia mke wangu asiwe na wasiwasi tena na kile chumba cha pembeni chenye dirisha la kioo. Anashona barazani miaka yote hii, mvua ikinyesha anakimbiza cherehani ndani. Mwenye nyumba amemwekea chumba hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Asipolipa kodi ya miezi sita, kinyozi anakichukua. Nikamwambia hesabu imekwisha. Akauliza imekwisha vipi. Nikasema haya ni mambo ya hisa, alale.

Jumanne, 4 Machi

Mimi ni karani wa hesabu. Mkuu wangu ni Mhasibu Mkuu, mama mmoja makini tunayemwita Mama Koma, maana aliwahi kurudisha ripoti nzima kwa ajili ya koma moja. Leo amenipa kazi ya kuandaa vitabu vya hizo hisa. Kila mwezi tutaandika sehemu ya thamani yake kwenye gharama za wafanyakazi, na upande wa pili kwenye mtaji.

Nikamuuliza ni gharama gani hiyo wakati hakuna hata senti inayotoka. Akavua miwani. Alisema mfanyakazi anatoa jasho lake, na kampuni inamlipa kwa kipande cha mwili wake. Kipande kimetoka, kwa hiyo gharama ipo. Niliitikia kwa kichwa, sikuelewa. Kisha akasema neno lililoniamsha. Thamani inapimwa siku moja tu, siku ya kutoa hisa. Ikishapimwa imepimwa. Baadaye bei ipande, ishuke, hakuna kupima tena.

Siku moja tu! Na mthamini, mtu wa kupima thamani ya kiwanda, anakuja keshokutwa! Kiwanda kikionekana kibovu siku hiyo, bei yangu itakuwa ya kutupwa. Siku ya pili yake tunachapa kazi, bei inapaa, mimi tajiri. Na shemeji atakuwa amezawadiwa hisa za thamani ya maganda ya karanga.

Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili.

Jumatano, 5 Machi

Maandalizi yamekamilika. Nimelegeza balbu nne kati ya sita kwenye chumba cha kupakia. Nimemwambia fundi mashine kwamba kesho kuanzia saa nne mashine ya kukatia sponji ipumzishwe, amri ya ofisini. Alifurahi, hakuuliza ofisi ipi.

Kisha wafanyakazi. Mthamini akikuta watu wanahangaika na kazi, nimekwisha. Nikawaita wapakiaji wawili, Bonge na Kamba, nikawaahidi soda mbili mbili wakilala kazini kesho. Bonge akauliza kama kuna mtego. Kamba akasema yeye angelala hata kwa soda moja. Wakataka kujua watalala na viatu au bila. Bila, nikasema, mimi si mshenzi.

Tatizo likawa magodoro mapya yatachafuka, na mimi ni mwenye mali. Nikachukua nyumbani mashuka matatu ya viraka ambayo mke wangu aliyashona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Nyekundu imekaa na kijani, maua yamekaa na mistari. Kitu hicho ndani ya kiwanda kinatangaza umaskini kwa sauti. Mke wangu akauliza yanakwenda wapi. Kufuliwa, nikasema. Alinitazama kwa muda, maana tangu tuoane sijawahi kufua hata soksi.

Shemeji naye hajalala. Nimemkuta anagawa ovaroli mpya kutoka stoo, na lango amelipaka rangi. Anataka bei ipande ili hisa zake za bure zinenepe. Basi ni vita.

Alhamisi, 6 Machi

Nitajitahidi kuandika kwa utaratibu.

Mthamini alifika. Mtu mwembamba, mkoba mkubwa, macho mekundu. Bosi mbele, Mama Koma nyuma yake, mimi na shemeji mkiani tukisukumana. Tukaingia chumba cha kupakia. Giza zuri. Kimya, mashine imezimwa. Na pale katikati, Bonge na Kamba wamelala fofofo, mashuka ya viraka yamewafika kidevuni, ovaroli mpya zimekunjwa pembeni. Bonge anakoroma. Kamba anatabasamu usingizini. Wamefanya kazi kuliko nilivyowaahidi.

Bosi alibadilika rangi. Nikajua bei iko sakafuni. Ndipo shemeji akapita mbele, akaweka kidole mdomoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Samahani, wakubwa, tusiwaamshe. Hapa ndipo tunapojaribu bidhaa."

Mthamini akasogea. Akabonyeza godoro la tatu. Akaketi. Akasema tangu mwaka jana usingizi umemkimbia, hata daktari amemchoka. Akauliza kama anaweza kujinyoosha dakika mbili tu. Bosi akasema karibu sana. Mama Koma akamfunika kwa shuka la tatu.

Aliamka saa saba mchana. Nilisimama mlangoni muda wote huo nikitumaini ataota ndoto mbaya. Wapi! Aliamka na uso wa mtu aliyetoka likizo, akawa hataki kuliachia lile shuka. Alimuuliza Bosi linauzwa wapi. Bosi akajikuna kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Bei imetoka. Sitaiandika hapa, karatasi itaungua. Ni mara tatu ya ile niliyokuwa naiota. Kwa bei hiyo, hisa elfu moja ni kama kununua kiwanda na Bosi ndani yake.

Nilimshtaki shemeji mbele ya Mama Koma, nikasema amemhonga mthamini kwa usingizi. Mama Koma akaeleza kwa upole kwamba bei ilishakokotolewa tangu Jumanne kutoka kwenye vitabu vyetu: mauzo, madeni, oda za hoteli. Jana mthamini alikuja kuhakikisha tu kwamba mashine zipo. Sikubali. Mama huyu ni mtaalamu wa koma, mambo makubwa yanampita.

Kibaya zaidi, fungu la shemeji linaandikwa na nani? Na mimi. Kila mwezi, kwa miaka mitatu, kwa mkono wangu mwenyewe, nitapitisha kipande cha utajiri wake kwenye gharama. Leo nimeandika cha kwanza. Kalamu iligoma mara mbili. Yeye alisimama nyuma yangu anatafuna karanga, akaniomba nitumie mwandiko mzuri.

Soda nimezilipa. Bonge anauliza kama wiki ijayo tunalala tena.

Jumamosi, 8 Machi

Haki yangu bado ninayo. Nilimpelekea mwenye nyumba barua ya hisa, nikamwomba aipokee badala ya kodi ya miezi sita. Akaisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Akauliza nitanunua lini. Baada ya miaka minne, nikasema. Kwa bei gani? Nikamtajia. Akauliza leo hisa hizo zina thamani gani. Hiyo hiyo, nikasema. Akanirudishia barua, akaniambia kwa bei hiyo hata yeye anaweza kununua, na wala hakuandikiwa.

Ikabidi nimwambie mke wangu ukweli. Hili liliniuma, sifichi. Alikuwa ameshalipima dirisha kwa utepe, ameshanunua kitambaa cha pazia. Alipitisha uzi kwenye sindano, akasema:

"Mimi sikukuomba hisa. Nilikuomba uniambie kama ipo au haipo."

Nimekwenda kulala kwenye kochi bila kuambiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi ameniita ofisini. Nikajua: ni balbu. Au mashine. Au vyote. Niliingia nimeshaandaa machozi, na lawama zote nimezipanga kwa fundi. Shemeji alikuwa amekaa pale anajichekea. Bosi akauliza ni nani aliyeleta mashuka ya viraka siku ya Alhamisi. Nikakana. Nikasema siyajui, sijawahi kuyaona, huenda ni ya Kamba. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa. Akamwambia Bosi yameshonwa na dada yake.

Kumbe mthamini amepiga simu mara mbili, anataka manne. Na ile hoteli kubwa, Bosi alipowaonyesha, wanataka mia mbili, moja kwa kila godoro. Hapo niliyakumbuka mara moja. Nikamweleza Bosi kwamba mashuka hayo ni wazo langu tangu mwanzo, sehemu ya mkakati. Bosi akasema angependa kuzungumza na mshonaji mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amekuja kiwandani amevaa gauni lake la harusini. Nilijitolea kuzungumza kwa niaba yake. Akaniomba nimletee maji ya kunywa. Niliporudi walikuwa wamemaliza. Bei ameipanga yeye, nusu amelipwa kabla ya kuanza, na mabaki yote ya vitambaa vya kiwanda ni yake bure. Mama Koma aliandika mkataba, akamsindikiza hadi langoni. Mimi hajawahi kunisindikiza hata mlangoni.

Jioni tumelipa kodi. Mwenye nyumba amemtafutia kinyozi chumba kingine. Nyumbani tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Shemeji alicheza na kiti, mke wangu akacheza na shemeji, mimi nikacheza na pesa zilizobaki. Nina furaha, nakiri, furaha ya kweli. Nimerudishwa kitandani.

Jumamosi, 15 Machi

Duka limefunguliwa! Dirisha la kioo, pazia jipya, kibao cha jina kilichoandikwa kwa rangi ya bluu, na cherehani katikati kabisa, mahali mvua haifiki. Mke wangu ameimba tangu asubuhi. Mthamini amekuja kuchukua manne yake, amenona, macho meupe. Bonge na Kamba walikuja kusaidia kubeba vitambaa, wakaishia kuvilalia.

Baada ya kufunga, mke wangu akasema ameamua kunipa sehemu ya duka, kwa sababu bila ujinga wangu lisingekuwepo. Fungu moja kati ya kumi, bure. Ila lina sharti moja: nikae miaka mitatu bila kubuni mpango wowote. Nikibuni hata mmoja, fungu linarudi kwake. Shemeji ndiye shahidi.

Niliguswa. Machozi yalinilengalenga. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kwa kunipenda tu. Nikamshukuru kwa moyo wote.

Kisha nikatafakari kidogo. Fungu moja kati ya kumi ni dogo kwa mtu wa uzoefu wangu. Nikamwambia nitapendelea haki ya kununua nusu ya duka baada ya miaka minne, kwa bei itakayopimwa siku moja tu. Shemeji akafunika uso kwa mikono. Mke wangu alinitazama, akatazama dari, akatabasamu kwa namna ambayo sikuielewa. Akasema haya, kama ndivyo nitakavyo, Mama Koma atakuja kulithamini Jumatatu asubuhi.

Jumatatu! Nina Jumapili nzima, na ufunguo ninao mimi. Kibao cha jina nimeshakishusha. Kipo chini ya kitanda, upande anaolala yeye, ambako hawezi kabisa kufikiria kutazama.