Konzi Mbili kwenye Tuta la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe kaingia jana. Wakwe wa wenzangu huja na zawadi. Wangu kaja na magunia ya samadi ya ng'ombe! Kayapanga uani kwa heshima zote, kisha ndipo akanisalimia. Atakaa nasi hadi harusi ya binti yake kitindamimba, yaani shemeji yangu, mwisho wa Agosti.

Kosa ni la mdomo wangu. Kwenye kikao cha familia mwezi uliopita shemeji alisema anataka meza kuu ijae gladioli, yale maua marefu yanayosimama kama askari wa gwaride. Nikasimama. Nikasema mimi nitayalima. Hakuna aliyeniuliza! Mke wangu alinivuta shati, nikadhani ananipongeza.

Baba mkwe aliuliza, macho kayaelekeza darini, kama huyu bwana ana uhakika. Tangu nimemwoa binti yake sijawahi kuwa "mwanangu." Mimi ni "huyu bwana." Ukiwa mchonga mihuri mwenye kibanda kwenye ngazi za mahakama, mzee wa namna ile anakuona kama mtu anayesubiri kazi.

Akasema basi naye atalima, endapo tu. Endapo nini, hakumalizia.

Leo tumegawana uwanja wa nyuma. Tuta langu ukutani, lake karibu na tangi la maji. Maua yatakayopendeza zaidi yatakaa meza kuu. Ya aliyeshindwa yatakaa mlango wa chooni. Wazo la choo ni langu. Nimeshachonga muhuri: MKURUGENZI, MASHAMBA YA GLADIOLI. Najisikia vizuri sana.

Alhamisi, 6 Juni

Bwana shamba kaja kibandani. Kapoteza muhuri wa ofisi, anaogopa bosi wake. Nikamwambia nitamchongea leo leo, ila kwanza apite nyumbani atoe ushauri. Akili!

Akaja. Akashika udongo, akaunusa. Akasema dawa ni kuchanganya. Samadi iliyooza vizuri inalainisha udongo, inashika maji, inalisha mmea polepole. Mbolea ya dukani inalisha haraka. Ukitumia samadi, ile ya dukani unaipunguza hadi nusu, unaitia kidogo kidogo kando ya shina, unafukia, unamwagilia. Nusu hii, nusu ile. Akarudia mara mbili, kama mtu anayesomea viziwi.

Baba mkwe alikataa. Akasema mbolea ya dukani ni chumvi, na hakuna mtu anayekula sahani ya chumvi. Mimi nikakataa pia. Nikasema samadi ni chakula ambacho ng'ombe mwenyewe kishakikataa. Tulitazamana. Ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana tangu harusi yangu.

Bwana shamba kachukua muhuri wake, kaondoka anatikisa kichwa.

Tumepanda. Mbegu za gladioli ni kama vitunguu vilivyokaliwa na mtu mnene. Nilipomaliza mke wangu akaniuliza kwa upole kwa nini nimezigeuza juu chini. Nimefukua upya. Mgongo!

Jumanne, 18 Juni

Yangu yamechomoza! Ya kwake bado! Nilipita mbele ya kiti chake nikipiga mluzi. Nikarudi. Nikapita tena. Akasema hata magugu huota mapema.

Jumapili, 7 Julai

Ushindi mtupu. Tuta langu kijani kibichi, majani mapana kama panga. La kwake limechomoza lakini limenyong'onyea, njanonjano, kama watoto waliotoka kuugua. Samadi inapika kwa kuni mbichi.

Mwenye duka la pembejeo ananipenda siku hizi. Akiniona tu anavuta kiti. Leo kaniuliza kama nimepanua shamba. Nikamwambia hapana, nimepanua mawazo. Kama konzi moja kila shina imeleta haya, konzi tatu je? Nimetia konzi tatu. Mke wangu kasema mgonjwa akipewa kidonge kimoja hamezi kopo zima. Nikamwambia haya si maradhi, haya ni maua.

Ijumaa, 12 Julai

Ncha za majani zimekuwa kahawia. Kidogo tu. Jua.

Jumamosi, 13 Julai

Si jua.

Nimeamka alfajiri nikazikata zile ncha kwa mkasi wa mke wangu wa kushonea. Baba mkwe alikuwa dirishani. Akauliza kama leo maua yameenda kinyozi. Mtu mzima hajibizani na dirisha.

Jumanne, 16 Julai

Msiba. Nusu ya tuta imekauka kama imepitiwa na pasi. Iliyobaki ni majani tu, manene, marefu, yamelala chali. Nikiyasimamisha yanaangukia upande wa pili. Nimemwagilia, nimemwagilia tena. Uwanja umekuwa tope, na ndani ya tope ndala yangu moja imepotea.

La kwake halikui haraka, lakini halifi. Limesimama palepale, manjano, lenye subira. Linaniudhi.

Shemeji kapiga simu. Kauliza maua yanaendeleaje. Nikasema yanaendelea. Sikusema yanaelekea wapi.

Usingizi hauji mchana wala usiku. Nageuka huku, namwona baba mkwe amekaa karibu na bibi harusi. Nageuka kule, najiona mlango wa chooni nikiwakaribisha watu.

Jumatano, 17 Julai

Nimewaza jambo. Mbolea ya dukani imeunguza tuta langu. Kwa hiyo itaunguza na lake. Tukiunguliwa wote wawili, hakuna aliyeshindwa. Ni suala la usawa tu. Kesho anaenda kupimwa suti, mke wangu anamsindikiza. Nyumba itakuwa yangu.

Alhamisi, 18 Julai

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Walitoka. Nikafunga lango. Nikachukua mfuko wangu wa mbolea, nikaanza kupita kati ya mistari nikinyunyiza. Nilikusudia kumaliza mfuko wote. Konzi ya kwanza, nyembamba, kwa sababu ya woga. Konzi ya pili. Mara hodi! Nikaruka kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikafukia harakaharaka kwa mguu, mfuko nikauficha ndani ya pipa la nguo chafu.

Alikuwa shemeji. Kaja kuona maua yake ya harusi. Akanikuta nimeinama kwenye tuta la baba yake, udongo hadi magotini. Akashika kifua. Akasema, "Shemeji! Kumbe unampalilia baba? Na watu wanasema nyinyi hampatani!"

Nikasema familia ni familia.

Machozi yakamlenga. Akavua viatu, akachukua mpira wa maji, akamwagilia tuta lile lote, taratibu, mstari kwa mstari, hadi kila chembe ya ile mbolea ikayeyuka ikazama ardhini. Nilisimama pembeni nikitabasamu. Hakuna kazi ngumu duniani kama kutabasamu kwa saa nzima.

Jumapili, 28 Julai

Hayajaungua.

Yamekuwa ya kijani. Kijani cha kukolea! Baba mkwe anatembea kati ya mistari, mikono nyuma, kama mkuu wa shule siku ya matokeo. Anasema samadi ilikuwa inakusanya nguvu.

Shemeji kamsimulia jinsi nilivyompalilia. Usiku wakati wa chakula baba mkwe akaniwekea kipande cha nyama kwenye sahani yangu. Nilikimeza kama jiwe.

Jumamosi, 17 Agosti

Majirani wanapanga foleni uwanjani kwangu kumwangalia baba mkwe. Mabua yake yamenifika kifuani, yamejipanga vichipukizi toka chini hadi juu. Ametoa mhadhara mara nne leo. Kila mara anamalizia kwa kusema samadi tu, mbolea ya dukani ni ya wavivu. Kila mara anaunyoshea kidole ukuta wangu, kwenye mabua yangu matatu yaliyosalimika, niliyoyafunga kwenye vijiti kama waliovunjika miguu.

Bwana shamba naye kapita. Akapapasa jani. Akachimba kidogo kwa kidole. Akasema samadi peke yake, kwenye udongo huu wa mchanga, haileti rangi hii kwa wiki chache. Lazima kuna mkono wa pili. Baba mkwe akacheka hadi akakohoa. Bwana shamba akanitazama mimi. Mimi nikatazama kiatu changu. Kiatu kizuri.

Ni mimi! Mafanikio yale ni yangu! Na siwezi kuyadai bila kueleza nilikuwa nataka nini. Sijui kama kuna mwizi mwingine duniani aliyewahi kumwibia mtu akamwachia utajiri.

Jumanne, 27 Agosti

Maua ya chini yameanza kuonyesha rangi. Mekundu, meupe, na yale ya waridi yenye koo la njano. Sijaona kitu kama kile. Nilisimama palepale hadi chai ikapoa mkononi.

Langu moja limefunuka pia. Linatazama chini.

Jioni mke wangu kaja kukaa nami kwenye ngazi ya jikoni. Hakunisema. Kaniambia aliwahi kuwatangazia ndugu zake wote kuwa safari hii mume wake ataweza. Kisha akasema, "Nilitaka walau moja liwe lako." Akainuka akaenda kuosha vyombo.

Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 1 Septemba

Harusi ilikuwa jana. Naandika polepole, kichwa kinauma.

Meza kuu ilijaa gladioli hadi bwana harusi akawa anachungulia katikati yake kama mtu kichakani. Ukumbi mzima ulipiga picha. Mke wangu alichukua lile ua langu linalotazama chini, akalibana kwenye nywele zake. Kwa namna ile lilimpendeza. Nilitaka kulia, nikala.

Ndipo baba mkwe akapewa kipaza sauti. Alimwombea bintiye vizuri sana. Angeishia hapo! Lakini akageukia maua. Akasema haya ni samadi tu, jasho na uvumilivu, na kwamba mbolea ya dukani huitaka watu wa njia za mkato, "kama huyu bwana pale, ambaye maua yake tumeyatafuta hata chooni hatukuyaona."

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Akainamisha kichwa, ua likainama naye.

Sijui miguu ilininyanyua vipi. Nikasikia sauti yangu:

"Ni mimi! Ni mbolea yangu! Niliitia kwenye tuta lako siku uliyoenda kupimwa suti!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Hata watoto.

Mjomba wa bwana harusi, mtu mpole asiyetujua, akauliza kutoka meza ya nyuma kwa nini niliitia kwa siri. Swali zuri. Nililitafutia jibu kila mahali. Nikasema, "Mapenzi."

Mke wangu ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, akajiziba, kikapitia kwenye vidole. Shemeji akafuata, kisha ukumbi wote. Mpiga muziki akaona ndiyo nafasi yake, akafungulia ngoma. Baba mkwe alibaki amesimama na kipaza sauti kinachokoroma.

Nyumbani aliniita uani. Tulikaa kwenye magunia matupu. Akaniuliza, "Ulitaka yafe?"

Nikasema ndiyo.

Akauliza, "Yote?"

Nikasema nilikatizwa na hodi.

Nilisubiri fimbo. Badala yake akanyosha kiganja, akataka nimwonyeshe ilikuwa kiasi gani. Nikamwonyesha. Konzi mbili, tuta zima. Akakunja vidole vyake, akakunjua, akapima hewa. Akasema basi yule kijana wa serikali hakuwa mjinga. Akasema pia bwana harusi ana dada wawili, na mmoja kaulizia gladioli za harusi yake ya Desemba. Samadi yake, mbolea yangu, tuta moja. "Lakini tutapima," akasema. "Na utatia mchana, nikiwa nakuona."

Tukashikana mikono. Mkono wake mgumu kama kigae. Nilikwenda kulala nikiwa mtu mpya.

Jumapili, 15 Septemba

Baba mkwe kaenda kwao kuangalia ng'ombe. Atarudi mwezi ujao tupande pamoja. Kaniachia magunia ya samadi yaliyosalia na sharti moja: nisiguse kitu.

Nimewaza. Konzi mbili, zilizotiwa kwa woga, zilileta maua ya kufika kifuani. Na samadi yenyewe ilikuwa ya zamani, imechoka. Sasa weka debe zima la mbolea, kwa moyo mkunjufu. Weka na samadi mbichi, ya leo leo, yenye nguvu zake zote. Maua yatafika wapi? Paani! Nusu hii, nusu ile ni hesabu ya watu waoga. Nzima hii, nzima ile!

Atakuta tayari yamechomoza. Itakuwa zawadi.

Mwenye kuku wa mtaa wa pili kaniletea samadi ya kuku mkokoteni mzima, bado inatoa mvuke. Nimeichanganya na debe la dukani, nikafunika kwa turubai. Turubai linapumua. Nadhani ni dalili nzuri.

Mke wangu alikuwa kalala kidogo baada ya chakula cha mchana. Namsikia chumbani akifunga madirisha, moja baada ya jingine, akiita jina langu. Kalamu chini. Nitamwambia harufu ni ya jirani.