Tumewaweka Akina Mama Benchi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, mheshimiwa dereva unayemwakilisha Makamu Mwenyekiti, waheshimiwa makocha, waheshimiwa marefa mliokuja na msiokuja, mabibi na mabwana, nawe mama uliyesimama mlangoni kwa kukosa kiti, na kama nimekuruka, jihesabu umetajwa! (Makofi. Ameyaanzisha katibu muhtasi wa mzungumzaji.)

Nimesimama hapa mimi kama mimi, kama mume, kama baba wa mabinti, kama Mkuu wa Maendeleo ya Chuo, kuzindua fremuweki jumuishi ya kuwajengea kapasiti ya uongozi akina mama wanaosimamia michezo chuoni kwetu, mradi ambao mastekiholda wameuafiki kwa asilimia mia moja na nne, na hiyo nne ya ziada, ndugu zangu, ni mimi mwenyewe. (Kicheko. Anainama kupokea pongezi.)

Zamani akina mama hawa walihangaika huku na huko, mara kupanga ratiba, mara kutafuta basi la timu, mara kumbembeleza refa aliyesusa, nikasema haiwezekani, nami niko hai! Ndiyo maana leo natamka bila kumung'unya maneno: akina mama wote wa idara ya michezo tumewaweka benchi! (Kicheko kikubwa. Kocha wa mpira wa pete: "Tunajua, mzee! Mpaka makalio yanauma!") Asante, dada, kwa kuniunga mkono. Wengine wako benchi tangu usichana wao, na serikali ya chuo itahakikisha hawanyanyuki! (Vigelegele. Watu wanafuta machozi.)

Sasa nimguse Kaimu Mkurugenzi wa Michezo. Simama, mama, wakuone. Huyu amekaimu mpaka wanafunzi wanadhani Kaimu ni jina alilopewa na wazazi wake. Ofisi yake ni ile stoo ya vifaa, anasaini barua huku jezi mbichi zinamdondokea maji kichwani, na bado timu zetu zinarudi na vikombe, ambavyo mimi huvipokea. Mnanong'ona: atathibitishwa lini? Mimi si kiziwi. Utaratibu ni utaratibu: Mkurugenzi kamili lazima awe na cheti cha mafunzo ya mradi huu huu ninaouzindua. Akikileta leo, kesho namthibitisha! (Makofi ya kweli safari hii. Wenzake wanamkumbatia Kaimu, naye anashindwa kuzuia furaha.)

Mwanamke na uongozi! (Umati: "Benchi!") Mwanamke na michezo! (Umati: "Kaimu!") Safi kabisa, mmeiva.

(Kaimu: "Mheshimiwa, mafunzo yanaanza lini nikajiandikishe?")

Hilo ndilo swali la kiongozi! Yataanza mara tu mradi utakapoandikwa, maana kusema kweli hakuna aliyewahi kuuandika hata mstari mmoja. Mwenye mamlaka ya kuuandika ni Mkurugenzi kamili wa Michezo, na nafasi hiyo, kwa masikitiko yangu makubwa, bado iko wazi. Kwa mafanikio haya, nawashukuruni nyote.