Swichi ya Kijani Ndiyo Inayotwanga

Jumatatu, Mei 5

Basi ile swichi nyekundu nikaikataa palepale. Haisemi! Unaikandamiza, inazama, inarudi juu, kimya, kama mtoto aliyeiba sukari. Violeth akasema bibi, nyekundu ndo wanayoipenda watu wa gemu, nyepesi, kidole hakichelewi. Nikamwambia iende hukohuko kwenye gemu.

Mjukuu wangu huyu kaniambia niongee tu, chochote, yeye achape, ndo anavyozijaribu. Anaweka tarehe juu, eti shajara ya bibi. Haya. Kalamu sijawahi kushika, lakini mdomo Mungu alinipa wa kutosha.

Swichi ni kile kidude kinachokaa chini ya kila herufi ya kibodi. Kadogo kama punje ya hindi, ndani kana springi. Kaletewa za rangi nne kwenye kibao, achague. Ile ya udongo inajikwaa kidogo kisha inanyamaza, kama mtu anataka kukuomba kitu akaona aibu. Ya bluu inalia tik, tik. Siyo mbaya. Kifaranga anadonoa bati.

Nikageuka, nikampa mgongo, nisikilize tu. Ndivyo mama mkwe alivyonichagua mimi kule Nkoma. Alikaa ndani, mimi niko nje natwanga, hanioni simwoni. Mke mvivu kinu chake kinasema pwe. Mimi changu kilisema du! Akasema ndani humohumo, huyu abaki. Hata sura yangu alikuja kuiona kesho yake, na nadhani alijuta kidogo, ila alikuwa ameshasema.

Violeth akabonyeza ya kijani.

TAK!

Jamani! Nikaruka. Hiyo! Hiyo ndo inatwanga! Akasema bibi, hiyo ni nzito kuliko zote, springi yake ngumu, kuchapa siku nzima vidole vitalia. Nikamwambia kidole siyo mgeni, kifanye kazi.

Nina sababu. Ng'ambo ya barabara, Specioza, mwenzangu wa tangu usichana, kamfungulia mjukuu wake Precious steshenari kama hii ya Violeth. Jumamosi mwenyekiti wa ushirika wa pamba, Mzee Mahona, anakuja kuchagua nani amchapie kazi za ushirika msimu mzima. Violeth asipopata, anakwenda Mwanza. Mwanangu Danford kashampigia tena leo, kiti ofisini kwake kinamsubiri. Violeth kasema kazi ya ushirika ikienda ng'ambo, Jumapili anapanda basi.

Nami nitabaki naongea na mbuzi. Nimeshaongea nao. Hawajibu.

Jumanne, Mei 6

Zimefika! Kijani tupu, mfuko mzima, kwa basi la Mwanza. Konda akauliza bibi, hizi mbegu za nini. Nikamwambia ukizipanda utavuna wateja.

Violeth akang'oa zile za zamani, nazo za bluu, kwa kakibanio, moja moja, kama unamtoa ng'ombe kupe. Kupe nawajua! Nikaomba kibanio. Nikang'oa vizuri sana, nikasifiwa. Kuweka mpya ndo palikuwa na neno. Kila swichi ina miguu miwili ya shaba, miembamba, lazima iingie wima kwenye matundu yake. Mimi nikasukuma kama nasukuma kigingi. Mguu ukapinda. Nikaunyoosha kwa meno kabla Violeth hajageuka. Meno yangu mawili ya mbele bado mazima, wabeja Mungu, yaani asante.

Ikawa herufi A haifanyi kazi. Violeth kaichomoa, kaiangalia, kaniangalia mimi, kaweka nyingine. Hakuuliza. Mtoto ana adabu.

Sasa sauti yake nikwambie. Ukikandamiza inakukatalia kwanza. Inakaza. Halafu katikati ya safari inavunjika, tak, kidole kinajua kwamba neno limeingia, na inakurudisha juu kwa nguvu kama ng'ombe anasukuma mkono wako kwa pua. Inakujibu! Nimeweka kidole changu mwenyewe, nikaandika mstari mzima wa herufi moja. Violeth anasema hiyo ni K. K yangu nzuri sana, imejaa ukurasa.

Jioni kacheza gemu ya kupigana risasi. Tak tak tak-tak! Kila risasi naisikia. Nikamwuliza wale anaowaua wamekosa nini. Akasema bibi, kuna watu wa nchi za mbali humu. Nikamwambia wasalimie kwanza, mwadila, ndo uwapige.

Jumatano, Mei 7

Mpango wangu. Nimeutoa kwenye ngoma.

Sisi Wasukuma tunashindana ngoma, Bagika huku, Bagalu kule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna kusema mimi nacheza vizuri. Watu wakikukimbia wakaenda upande wa pili, umeshindwa, chukua ngoma yako urudi. Sauti ndo inavuta. Basi na kuchapa ni hivyohivyo. Nani atajua Violeth anachapa kama hasikiki barabarani?

Nikaivuta meza mpaka mlangoni. Chini ya kibodi nikaweka debe tupu, nimeligeuza. Violeth akasema bibi, hapana. Nikasema jaribu tu.

Mama yangu! Nimesema TAK? Sasa ilikuwa TANG! Mwendesha bodaboda akasimama. Akasimama na wa pili. Wanawake waliotoka mnadani wakatua mizigo. Wakaja watu wa Zagayu waliokuwa wanasubiri basi, wakaacha basi. Kwa Precious pakabaki paka. Nikasimama mlangoni nikafunga khanga vizuri nionekane.

Specioza akapaza sauti toka ng'ambo. "Ng'wana Bujiku! Umefungua mashine ya kusaga?"

Ndo jina langu, Ng'wana Bujiku, binti wa Bujiku. Nikamjibu kwamba hapa tunasaga barua, alete na yake.

Lakini kazi, sasa. Hakuna hata mmoja aliyekuja na karatasi. Wamekuja na karanga. Wamekaa. Mama mmoja kweli kaleta beseni la mahindi, kapanga foleni, kaniuliza kukoboa ni shilingi ngapi. Nilimwambia mashine imeharibika, maana ningeanza kumweleza kompyuta saa ile ningefika wapi?

Violeth alichapa mbele yao mpaka wakachoka kutazama. Karanga zenyewe hawakutubakizia. Maganda wametuachia sisi.

Alhamisi, Mei 8

Vidole vya Violeth vimevimba. Nimevipaka samli. Sasa vinateleza, kaandika neno ushirika mara nyingi na halikukaa sawa hata mara moja. Akasema arudishe zile za bluu, zinalia pia, na ni nyepesi. Nikasema yaya! Yaya ni hapana, mjue. Mke hapunguzi mchi siku ya kuonwa. Nikazificha za bluu kwenye chungu cha choroko.

Mchana kaja Precious. Mwenyewe! Kavuka barabara, kanipigia magoti vizuri, mwadila bibi, nikaitikia huku namwangalia mikono. Mpelelezi. Akasema kasikia sauti tangu jana, hakulala akiiwaza, aguse tu kidogo. Violeth mjinga akamwachia kiti.

Precious akagusa. Akafumba macho. "Shoga, hii tamu!" Akabonyeza tena. Kibodi yake yeye ni bapa, imelala kama chapati, haina kupanda wala kushuka, anasema kuchapa pale ni kama kugonga meza. Basi wakaanza gemu wawili, mmoja anakimbiza, mmoja anapiga, wanacheka, wanapigana mabega. Karatasi za watu, kumbe walikuwepo wateja wawili, zimekaa.

Nikaita Violeth. Hasikii. Ng'ambo nikamsikia Specioza naye anaita Precious. Hasikii. Tukatazamana mimi na yeye, huku na kule, kila mmoja na mikono kiunoni. Karibu tucheke. Nikakumbuka ni adui, nikaingia ndani.

Ijumaa, Mei 9

Specioza kaleta spika. Ndefu kunizidi. Inapiga nyimbo mpaka choroko zinaruka chunguni. Watu wote wamehama, na yule mama wa mahindi yumo, anacheza.

Sikulia. Nikatoa njuga za marehemu baba, alizokuwa anafunga miguuni kwenye ngoma. Nikazifunga miguu ya meza, yote minne. Violeth akichapa meza inatikisika, njuga zinaitika. TANG-cheke, TANG-cheke. Hapo hata spika ilishtuka!

Violeth kasema naomba bibi, kesho mzee akija tuvitoe, debe na njuga. Kasema kwa sauti ya chini sana. Nikamwambia ng'wana wane, mwanangu, usitishike, bibi yupo.

Begi lake nimeliona limetoka uvunguni. Nimezidi tu kukaza njuga.

Jumamosi, Mei 10

Mzee Mahona kafika. Kofia, fimbo, tai. Kwanza kaenda ng'ambo. Spika ikazimwa kwa heshima, Precious akachapa anayoambiwa, mzee kasimama nyuma yake, anamwinamia. Kila saa anauliza umeandika? Precious anasema nimeandika. Umeandika kweli? Nimeandika, babu. Mzee anaguna. Hakusikia kitu, ataaminije?

Akavuka kwetu. Nikampa Violeth ishara. TANG-cheke-TANG! Specioza kuona hivyo akawasha spika, mpaka mwisho! Watu wakaja mbio kutoka stendi. Mzee anafungua mdomo, anafunga. Anafungua, anafunga. Akaanza tena, ndugu wanachama, njuga zikamkata. Akapiga fimbo chini. Akasema yeye katafuta mchapaji, kaletewa ngoma ya mavuno! Ataenda Bariadi mjini, kuna watu wa kimyakimya huko. Akageuka kuondoka.

Hapo mpango wangu uliisha. Niliona kiti cha Violeth kitupu. Niliwaona mbuzi.

Violeth hakulia. Kainuka, kafungua njuga zote, kanikabidhi mikononi kama ananirudishia mtoto. Debe kalitupa uani. Kamwita Precious kwa mkono, mara moja tu, na Precious akamzimia bibi yake spika, Specioza amebaki anabonyeza bonyeza haiwaki, waya umechomolewa. Violeth kamkimbilia mzee, kamshika mkono, kamwingiza chumba cha ndani, kaweka kibodi juu ya meza tupu, akafunga mlango. Mimi nikabaki nje na njuga. Nikaweka sikio kwenye mbao.

Mzee akasema neno. Tak-tak-tak-tak. Akanyamaza. Kimya. Akasema jingine. Tak-tak-tak. Akarefusha maneno, ikarefuka. Akasimama ghafla katikati, makusudi, anamtega, nayo ikasimama palepale! Ilikuwa ile sauti yenyewe tu, haina debe, haina cheke. Nzito. Kila neno lake linaanguka kama punje kwenye kinu. Nilisahau kwamba nimekasirika.

Basi akasema, nilimsikia kabisa, kwamba maisha yake yote makarani wamemwambia nimeandika, nimeandika, na pamba za watu zimepotea kwenye nimeandika hiyo. Leo kasikia maneno yake yakiingia. Huyu abaki!

Violeth naye, usipime, akasema wapo wawili. Yeye achape, Precious achapishe na kupanga, mashine yake ya kutolea karatasi ni nzuri na hii yetu inatafuna. Kumbe walishapanga siku ile ya gemu! Mzee akakubali wote.

Violeth haendi Mwanza. Haendi! Nimemkumbatia mpaka kasema bibi, vidole.

Specioza anasema spika yake ndo ilimleta mzee. Watu bwana! Kila mtu anajua ni njuga.

Jumapili, Mei 11

Tumetoka kanisani, jua kali, Danford kapigiwa kaambiwa kiti chake ampe mwingine. Wabeja. Violeth kazitoa za bluu kwenye chungu, kaziosha choroko, kasema atazitia chini ya herufi za vidole vidogo, zile zinazomwumiza, na za kijani zibaki kwingine. Nimekubali. Nimekuwa mpole siku hizi.

Nami asubuhi niliwaza. Kama kazi ni ya wawili, kwa nini Precious abaki na ile kibodi ya chapati? Mwenzake anatwanga, yeye anapapasa. Mzee atasikia upande mmoja tu. Na za kijani zilizobaki zipo, nimezifunga kwenye ncha ya khanga.

Basi kabla ya misa nilipita kwake, mlango haukufungwa, nikaanza kung'oa herufi za kibodi yake, nimtie nzito, afurahi. Nilitumia mpini wa kijiko. Ya kwanza ikatoka vizuri, na kakipande ka plastiki. Ya pili na vipande. Chini hakuna matundu! Yaani hakuna mahali pa kuweka miguu, ni bapa mpaka ndani. Nikaendelea, nikidhani yapo mbele. Nilifika safu ya tatu. Zile herufi nimezirudisha juu juu, kila moja mahali penye nafasi, nikafunika na kitambaa. Ila kazi ya ushirika inaanza kesho asubuhi, na ndo nilikuwa nataka kukuuliza, zile hufungwa kwa gundi gani?

Mbona umeacha kuchapa? Violeth. Sikusikii. Chapa.

Nani huyo anaita? Ni Specioza. Sikia anavyolivuta jina langu, Ng'wana Bujiku weeee, na Precious anaita pamoja naye. Wamefunua kitambaa. Haya, nakwenda, wasije wakavuka na gari hizi. Nipishe mlangoni. Nipe na hizo njuga.